Nani Apewe Mkwiro wa Kwembago

Sogeeni. Walio nyuma waje karibu, na mwenye usingizi asinzie tu mradi aache sikio moja wazi, maana hii ni hadithi ya ukungu na haimkatai mtu wa nusu usingizini. Mimi nitawapa mwanzo wake na katikati yake. Mwisho sinao, na msinisumbue kuudai kabla ya wakati. Mwisho mtanipa nyinyi.

Palikuwa na watoto watatu katika Shule ya Msingi Kwembago, chini ya milima ya Nguu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Holo Lubinza, Msukuma, binti wa wafugaji, wa darasa la tano. Kipaji chake kilikuwa kumwona asiyekuwepo. Sisi wengine tunaona kilicho mbele yetu, tena mara nyingine kwa shida. Holo alitupa jicho moja kwenye ng'ombe tisini wa baba yake wakiingia zizini akasema, "Yule mwenye pembe iliyopinda hayumo." Hakuwa anahesabu. Ukimuuliza wapo wangapi atakuambia hajui, lakini pengo alikuwa analiona mahali pake, na alijua ni la nani.

Wa pili aliitwa Mhina Mndolwa, Mnguu wa hapohapo, wa darasa la sita. Kipaji chake kilikuwa kuijua ardhi kwa miguu. Bibi yake alimtembeza tangu akiwa mdogo, amemfunga kitambaa machoni, na kila walipofika mahali alimwambia jina la pale na nani alizaliwa pale, nani alianguka pale, nani alimpa nani kichogo pale wakaachana. Kichuguu kina jina, bonde lina jina, hata jiwe ambalo mimi na wewe tungelikalia bila kulisalimu. Mhina alivua viatu, akakanyaga, akakuambia uko wapi.

Wa tatu aliitwa Rafaela Likwena, naye alikuwa wa darasa la sita. Mababu zake ni Wamakonde walioletwa zamani kukata mkonge, na yeye alizaliwa kambini, katika zile nyumba za mstari ambazo kila mlango una kabila lake. Mama yake alikuwa mtu wa kusahau chumvi. Kila jioni alimtuma Rafaela akaombe kwa jirani, na jirani wa pale kambini hatoi chumvi mpaka aombwe kwa lugha yake, kwa adabu zote za kwao. Ndivyo alivyopata kipaji chake, lugha saba na vipande, na hakuna mwalimu aliyemfundisha hata moja.

Na Mwalimu Mkuu wao alikuwa Zubeda Mhando, ambaye hadithi hii inamkalia rohoni kuliko wote.

Mwalimu Zubeda alisoma Kwembago hiyohiyo. Zamani zake, mwalimu akiita mahudhurio, majina yote yalikuwa ya Wanguu, ya koo nne tu, na wote waliitana shangazi na binamu hata wakipigana. Kisha vijana wa pale wakaanza kuhamia mijini, wakaoana huko, wakazaa huko. Madarasa yakapwaya. Ukafika mwaka ambao shule nzima ilikuwa na watoto sitini na mmoja, na bwana mmoja wa elimu alikuja na kalamu akiuliza ya nini kuweka walimu wanane hapo. Kabla hajapata jibu wakaingia Wasukuma na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Shule ya kambi ya mkonge ikafungwa, watoto wa kambini wakahamishiwa Kwembago. Wakaja Wamasai, wakaja Wabena waliokodi mashamba ya mahindi. Ndani ya miaka minane walifika mia nne, na kati yao watoto wa Kinguu hawakufika hata robo. Sasa Mwalimu Zubeda akiita mahudhurio ulimi wake ulikuwa unasafiri nchi nzima bila kuinuka kitini.

Nisiwafiche. Alifurahi kwamba shule imepona, na alihuzunika. Kuna asubuhi alisimama mlangoni pa ofisi akitazama watoto wanaingia, na mmoja akicheka alidhani ni shoga yake Mwanaidi wa zamani, kumbe ni mtoto wa Kisukuma ambaye wazazi wake wamefika juzi. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani jambo kama hilo bila kuonekana mbaya?

Sasa nije kwenye ngoma. Shule nyingi hupiga ngoma kuwaingiza watoto darasani baada ya gwaride, lakini ya Kwembago ilikuwa na desturi yake. Mkwiro wa kuipigia ulikuwa mmoja, wa mpingo, umelainishwa na viganja vya miaka mingi. Kila Julai, shule ikifunguliwa baada ya likizo, Mwalimu Mkuu humkabidhi mtoto aliyeitendea shule jambo kubwa kuliko wenzake mwaka huo. Na mtoto huyo hapigi mdundo wa shule, anapiga mdundo wa kwao, ule bibi zake waliouchezea harusini. Mwaka mzima watoto wote huingia darasani kwa mdundo huo mpaka miguu inauzoea. Unatumwa dukani kununua kibiriti, unajikuta unautembea.

Tangu shule ifunguliwe mkwiro haukuwa umetoka mikononi mwa Wanguu. Mwanzoni ni kwa sababu hapakuwa na wengine. Baadaye yakawa mazoea. Mwalimu Zubeda mwenyewe aliushika akiwa darasa la sita, akapiga mdundo wa mama yake, na mpaka leo akiwa na mawazo vidole vyake huupiga juu ya meza. Desemba alikuwa anastaafu. Kwa hiyo Julai hii ingekuwa mara yake ya mwisho kuutoa.

Mambo yalitokea mwezi wa tano, wakati wa ukungu.

Ukungu wa Kwembago hushuka mlimani ukakaa. Hauna haraka. Mtu anatoka nyumbani na mkono wake wa kulia, mbele kidogo hauoni. Kwa hiyo watoto wadogo wana kamba zao. Kila kitongoji kina kamba ya katani yenye mafundo, kila mtoto ana fundo lake, na mbele anashika mkubwa mmoja wa kuwaongoza. Hapo zamani kamba moja ilikuwa ya ndugu watupu. Siku hizi kamba ya Mnadani, kwa mfano, ilikuwa na watoto kumi na wawili wa darasa la kwanza, Wasukuma, Wamasai, Wabena na mapacha wawili wa kambini, na wengine Kiswahili chenyewe kilikuwa bado kinawapiga chenga.

Asubuhi hiyo aliyewaongoza alikuwa msichana wa darasa la saba aitwaye Tatu. Walipofika nusu ya njia akakumbuka kikombe chake cha uji. Akawaambia, "Simameni hapa, msiachie kamba, nakuja sasa hivi." Wakasimama, wakajikusanya kwa baridi. Mkia wa kamba ukawa umelala miguuni pa yule mdogo wa mbele. Akaupapasa, akauokota, akadhani Tatu amerudi na huu ndio mwisho anaoushika Tatu. Akauvuta kidogo. Wa nyuma kabisa akahisi anavutwa, akajua safari imeanza, akatembea. Mwenzake akatembea. Basi wote kumi na wawili wakaondoka, kila mmoja akimfuata aliye mbele yake, kwa utii kamili, katika duara.

Wakazunguka, na hawakuwa na wasiwasi hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na mtu mbele na mtu nyuma, sasa wasiwasi wa nini? Wakaanza kuimba wimbo wa kuhesabu. Na kwa kuwa pale ardhi imeinama, duara lile lilikuwa linateleza polepole kuelekea chini, mzunguko kwa mzunguko, kwenye mchanga laini wa Korongo la Magadi.

Tatu alirudi na kikombe, hakuona mtu. Akasema wametangulia hao, akakimbilia shuleni, akaingia darasani kwake kimya kimya.

Shuleni hakuna aliyejua lolote. Siku za ukungu hakuna gwaride, kila mtoto anajiingilia darasani, na darasa la kwanza lilikuwa na watoto tisini na wanne katika chumba chenye madirisha mawili. Mwalimu wa darasa aliweka alama za vema kwenye daftari kwa mazoea, mstari hadi mstari. Saa nne watoto wakatoka kupanga foleni ya uji. Kijana wa bodaboda aliyeleta unga alikuwa anakamua maji kwenye koti lake. "Huko juu inanyesha tangu alfajiri, Mwalimu," alisema. "Mimi nimepita daraja la juu maji yameshagusa mbao."

Holo alikuwa amesimama na kikombe chake. Akaitazama foleni ya wadogo mara moja. Akakiweka kikombe chini.

"Mwalimu, shikamoo. Kamba ya Mnadani haipo."

"Marahaba. Kamba itakuwa imetundikwa pale mlangoni, mwanangu."

"Si kamba, Mwalimu. Watoto wenyewe. Wale mapacha hawapo. Yule aliyeng'oka meno mawili hayupo. Mwenye sweta ya dada yake hayupo, na anayesimama nyuma yake kila siku, naye hayupo. Wote."

Mwalimu Zubeda alichukua daftari. Daftari lilisema wapo. Alimtazama yule msichana wa darasa la tano, akalitazama daftari, na kwa muda mfupi alitamani sana kuliamini daftari. Kisha akamtuma mtu amlete Tatu. Tatu alifika, akaulizwa, akaangua kilio bila kumaliza sentensi.

Hebu mfikirie huyo mama. Watoto kumi na wawili, ukungu mnene, maji yanakuja. Walimu wengine walikuwa tayari kutawanyika wakiita, akawazuia. Atawatafuta wangapi jioni? Akasimama katikati ya uwanja, asione hata mlingoti wa bendera, na akasema kwa sauti ambayo hakuikusudia, "Yupo anayeweza kutembea humu?"

"Nipo, Mwalimu," alisema Mhina, na alikuwa anavua viatu.

Mwalimu Zubeda alimwambia Holo abaki awatazame wenzake mlangoni, asitoke hata mmoja. Akamshika Mhina bega. Nyuma yake akahisi mtu ameshika upindo wa khanga yake. Alikuwa Rafaela. Hakuitwa, na alipoulizwa anakwenda wapi alisema tu, "Mapacha ni wa kwetu kambini, Mwalimu." Mwalimu hakuwa na muda wa kubishana.

Wakaenda. Mhina alikuwa anakanyaga na kutaja. "Hapa ni Kwa Mkunga. Hapa ni Walipoachana. Hapa ni Jiwe Lililolala, Mwalimu, inua mguu." Mwalimu aliinua mguu, na kweli palikuwa na jiwe. Majina yale alikuwa ameyasikia kwa bibi yake mwenyewe akayasahau, na sasa yalikuwa yanamrudia moja moja kutoka mdomoni mwa mtoto, na katika weupe ule aliona kama shule yote ya zamani inatembea pembeni yake, Mwanaidi na wale binamu zake wote, miguu pekupeku, wakienda naye. Angependa njia hiyo isifike mwisho. Aliona aibu kupenda hivyo wakati watoto wa watu wamepotea.

Walipofika mahali ambapo kamba ya Mnadani hupita, Mhina alichuchumaa akapapasa chini. "Wamezunguka hapa," alisema. "Majani yamelala upande mmoja." Akasimama, akaacha mwili wake uiname unakotaka. "Kitu chochote kikipotea upande huu huishia Korongo la Magadi. Bibi anasema hata mbuzi. Hata mpira." Akageuka kushoto. Hakusita mahali popote, na baada ya kitambo mchanga ulikuwa laini chini ya miguu yao, halafu ukingo ukawa mbele, na chini ya ukingo, katika ukungu, vitoto vilikuwa vinaimba moja, mbili, tatu.

Mhina akaita, "Njooni huku! Pandeni juu!"

Wimbo ukakatika.

Akaita tena. Mwalimu naye akaita, kwa sauti yake nzuri ya ofisini, "Watoto, ni Mwalimu Mkuu." Kilichojibu ni miguu midogo ikikimbia kuwakimbia, na kilio kimoja kilichozibwa na kiganja. Mhina akataka kuruka chini. Mwalimu akamshika shati. Watoto wale wangetawanyika, na katika korongo lile pana, ndani ya ukungu ule, mtu mmoja angewakamata wangapi?

Msishangae. Mama zao ndio waliowafundisha. Mama wa Kisukuma, wa Kimasai, wa Kibena, na wale wa kambini, kila mmoja kwa lugha yake alikuwa amemwambia mwanawe jambo lilelile: ukiwa kwenye ukungu, sauti ngeni ikikuita, usiitike. Mtu wako atakuita kwa maneno ya nyumbani. Na Kiswahili, kwa mtoto aliyekianza Januari, ni sauti ngeni kabisa.

Kutoka mbali upande wa mlima ulikuja mngurumo mdogo, wa chini chini.

Rafaela alikaa kwenye ukingo, miguu ikining'inia, kama mtu aliyekaa barazani kwao. Akasema, si kwa kupaza sana, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Wasukuma, na akaendelea kwa lugha hiyo, polepole, akiuliza habari za mama na za ng'ombe. Vitoto vitatu vikaitika. Akasema, "Takwenya," kama mwanamke wa Kimasai anavyosalimiwa, na kisauti kimoja cha kike kikajibu "Iko" kwa heshima kubwa, humo humo ndani ya weupe. Akasema, "Kamwene," akasikia Wabena wakicheka kwa furaha. Mapacha aliwaita kwa lugha ya bibi yao, akawatania kwa jambo ambalo Mwalimu hakulielewa. Na kwa kila lugha alimalizia vilevile, njoo kwenye sauti yangu, usiachie fundo lako, panda.

Wakapanda. Mhina aliwapokea mkono kwa mkono pale ukingoni alipojua udongo hauporomoki. Wa mwisho, yule mdogo aliyeokota mkia wa kamba, suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na alikuwa bado ameshika ncha mbili, moja kila mkono. Mwalimu Zubeda alikuwa ndio kwanza amemkumbatia maji yalipopita chini yao, mekundu, yamebeba mti mzima. Alikaa chini kwenye matope na khanga yake ya kazini, akalia mbele ya wanafunzi wake, na hakujali.

Hapo ndipo hadithi nyingine ingekwisha. Hii ndipo inapoanza kuuma.

Julai ikakaribia. Kamati ya shule ikakutana kuzungumzia mkwiro, na hakuna aliyetaja mtoto mwingine zaidi ya wale watatu. Ila kila mtu alikuwa na wake.

Babu yake Mhina alisema, "Kujua kwamba mtoto amepotea si kumpata. Na kumbembeleza mtoto, unambembeleza akiwa wapi? Mjukuu wangu ndiye aliyewafikisha. Bila yeye mngebaki uwanjani na daftari lenu." Kisha akasema jingine, taratibu. "Sisi sasa ni wachache hapa. Hatulalamiki. Lakini mkwiro ukitoka mwaka huu hautarudi kwetu tena, na midundo ile hakuna mahali pengine inapopigwa."

Baba yake Holo, Mzee Lubinza, alisimama na fimbo yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mimi nilimleta binti yangu hapa kwa kujaribu," alisema. "Nilisema, shule ikimwona, atasoma amalize. Isipomwona, atarudi kuchunga. Mnasema hakulowa hata unyayo. Sawa. Lakini nyinyi nyote mlikuwa mnakunywa uji. Ni nani aliyewaambia muuweke chini?"

Mama yake Rafaela alikuja akiwa bado na makovu ya mkonge mikononi. "Walipatikana, ndiyo," alisema. "Wakakimbia. Waliopatikana wakakimbia wanasaidia nini? Sisi wa kambini tuko hapa vizazi vitatu. Wanguu wanatuita wageni, na hawa wenye ng'ombe walifika juzi nao wanatuita wageni. Babu wa huyu mtoto alipewa namba, watu walimwita kwa namba hiyo mpaka anazikwa. Mimi siombi kitu. Nauliza tu, hivi sisi kwetu ni wapi?"

Najua mnachotaka kusema, naona midomo inafunguka. Mnataka kusema wapewe wote watatu. Mwalimu Zubeda naye aliwaza hivyo, nyinyi si werevu kumshinda. Wiki ya mwisho kabla ya likizo alijaribu. Mhina akapiga hatua chache za kwao, akampa Holo, Holo akapiga za kwao, akampa Rafaela, aliyekuwa amechanganya za kambini alizozijua. Watoto mia nne walianza vizuri, mguu ukabadilika katikati, darasa la pili likagongana na la tatu, mmoja akapoteza jino, mwalimu wa michezo akaangukia tuta la mchicha. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Ngoma moja, mkwiro mmoja, mdundo mmoja kwa mwaka. Haikuwezekana vingine.

Aliwaita wale watatu ofisini, mmoja mmoja, akitumaini kwamba mmoja angekataa na kumwondolea mzigo. Holo alisema, "Nautaka, Mwalimu. Nisipoupata nitaondoka." Mhina alisema, "Nautaka. Bibi anaumwa, na angependa kusikia mdundo wake kutoka kitandani." Rafaela alisema, "Nautaka, lakini sijui nipige mdundo gani. Nikipewa nitautunga." Hakuna aliyekataa. Walikuwa watoto, wala hapakuwa na sababu ya kuwadai wawe malaika.

Mwalimu Zubeda aliwaza likizo nzima. Alijua kitu kimoja kumhusu yeye mwenyewe, kwamba moyo wake uko kwa Mhina. Sasa, akimpa, watu watasema amempa wa kwao, na huenda wasiwe waongo. Akimnyima ili asisemwe, atakuwa amemdhulumu mtoto kwa kosa la kuwa wa kwao, na hiyo pia ni dhuluma. Alitamani mara elfu asingemjua mtu, awe mgeni aliyeshushwa pale asubuhi hiyohiyo, aamue na kuondoka. Lakini hata mgeni angeambiwa habari zote tatu, na hata yeye angekwama.

Ikafika Jumatatu ya Julai. Ukungu ulikuwa mwembamba, wa kutembea, unaacha uso mmoja unafunika mwingine. Watoto mia nne wamesimama mguu sawa, na kutoka mlangoni pa ofisi huwezi kujua yupi ni wa nani. Kumi na wawili wa Mnadani wako mbele kabisa kwa sababu ni wafupi. Wazazi wamepanga mstari kando, babu yake Mhina amekalia kiti cha darasani, Mzee Lubinza amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo yake, mama yake Rafaela amekunja mikono. Ngoma iko katikati. Holo anamtazama Mwalimu. Mhina anaitazama ardhi. Rafaela amefumba macho, na vidole vyake vinajaribu kitu pajani.

Mwalimu Zubeda amewafikia. Ameunyoosha mkono wenye mkwiro.

Nami hapa ndipo ninaponyamaza, nyinyi mliokaa mbele na nyinyi mliokuwa mnasinzia. Mmoja aliwaona hawapo, mmoja akafika walipo, mmoja akawaita wakaja. Ondoa yeyote kati yao, na maji yangechukua watoto kumi na wawili. Msinipe jibu la kuwagawia wote, limeshajaribiwa, na msinipe jibu la kuahirisha, maana Desemba mwalimu huyu hayupo. Watoto mia nne wanasubiri kujua wataingia darasani kwa miguu ya nani, na mkwiro bado uko mkononi mwa mama wa watu. Mwambieni basi: aupeleke kwa nani?